Starlet ya Mawese: shajara ya kusaka gari la milioni saba

11 Januari

Kikoba cha walimu kimegawana jana. Nikijumlisha na kilichokuwa benki ninazo milioni saba kamili, na nimeapa sikopi hata mia. Naishi Mwanga, nafundisha fizikia kwenye shule iliyo njia ya Mwandiga, na kwa miaka sita nimepanda bodaboda kiangazi na masika. Masika ya Kigoma hayana adabu: unatoka nyumbani na sketi iliyopigwa pasi, unaingia darasani umepakwa udongo mwekundu hadi magotini kama mtu aliyetoka kufyatua matofali.

Lakini niseme ukweli mapema, maana daftari hili ni langu. Ningekuwa nataka kufika tu, ningetafuta chochote chenye paa. Mimi nataka gari ambalo nikifika nyumbani nabaki nimekaa ndani dakika mbili bila sababu. Nilijifunzia udereva kwenye pikapu ya mjomba kule Kasulu, Hilux ya manyuo, mguu wa klachi ukitetemeka. Tangu hapo gari la oto naliona kama lifti: linakupeleka, wewe ni abiria uliyeshika usukani.

Nimegawa fedha kabla sijaona gari lolote, maana nikishaliona nitakuwa mjinga. Bei isizidi 5,200,000. Fundi na spea 1,200,000. Wakili, uhamisho wa kadi ya umiliki na bima 400,000. Iliyobaki, 200,000, isiguswe. Shemeji kasoma akacheka: "Shemeji, hiyo milioni na laki mbili ya fundi si ungeongezea upate gari la maana?" Hapo ndipo tunapopishana. Gari la mkononi la bei hii linakuja na deni la matengenezo ambalo mwenyewe hakulilipa. Ama utalilipa kwa mpango, ama litakudai usiku, kilimani, mvua ikinyesha.

14 Januari

Kila niliyemuuliza amejibu Toyota IST. Mume wangu IST, mwalimu wa hesabu IST, hata muuza vocha pale kona IST. Sibishani nao: injini zake, ya 1300 na ya 1500, zinatumia cheni badala ya belti, spea ziko kila duka, na siku ukitaka kuuza wanunuzi wanapanga foleni. Tatizo ni foleni yenyewe. Nimeulizia sita, zenye namba D (zilizosajiliwa baada ya namba C) zote zimepita milioni kumi, na za namba C zilizochoka wanataka nane na nusu. IST haishuki bei, inazeeka tu.

Passo ya lita moja, silinda tatu: kwa tambarare ya Tabora sina neno nayo. Hapa mji umejengwa juu ya vilima. Kutoka stesheni kupandisha Lumumba hadi Mwanga, watu wanne ndani na AC imewashwa, unazima AC na kuanza kuomba. Vitz ya kwanza ya lita moja, mambo ni yaleyale. RunX naipenda, ila zinaanzia milioni nane, na ile yenye injini ya 2ZZ, nguvu za farasi 190 na gia sita, sijawahi kuiona mkoa huu kwa macho yangu.

Zinabaki Corolla 110, Starlet, na Altezza, ile saluni ya wapenda mwendo. Najua. Niacheni na Altezza yangu.

Nimepiga hesabu ya darasani. Starlet EP91, ile ya mwisho kabla Toyota hawajaifuta mwaka 1999 na kuiachia nafasi Vitz, ina injini ya 4E-FE ya 1331cc yenye nguvu za farasi 85, na uzito wake ni kilo mia nane na kitu. IST ya 1300 ina farasi 87, ila inakaribia tani nzima. Kila farasi wa Starlet anabeba kilo kumi hivi. Wa IST anabeba kumi na moja na nusu. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Kwenye mlima wenye kona unaisikia mgongoni. Halafu 4E hiyohiyo imo kwenye Corolla 110 za 1300, kwa hiyo plagi, filta na pampu ya maji sitaziagiza Dar es Salaam.

19 Januari

Altezza ilikuwa Katubuka, nyeupe, rimu nyeusi, taa za nyuma zile zilizoigwa na dunia nzima. Dalali kanipokea kwa maneno haya: "Dada, hii ni turbo, imetoka kiwandani hivyo." Altezza haikuwahi kutoka kiwandani na turbo. Ilikuja na injini mbili: 3S-GE ya silinda nne, ambayo ikiwa na gia za mkono ilitoa farasi 210, na 1G ya silinda sita yenye farasi 160. Nikaomba afungue boneti. Sita. Na ilikuwa ya oto.

Nilipaswa kuondoka hapohapo. Sikuondoka. Nikaiendesha hadi njia ya uwanja wa ndege na kurudi, na kwa muda huo mfupi nilikuwa mtu mwingine: usukani mzito wa kupendeza, mgongo wa gari unasukuma badala ya pua kuvuta, na ile sauti ya silinda sita inayopanda bila kukwaruza. Kisha nikasimama kwenye mteremko, nikatoa mguu kwenye breki, nikasikia "ngo" chini ya sakafu. Nikarudia. "Ngo." Dalali akaongeza redio.

Walitaka 7,500,000, "maongezi yapo". Hata wangeshuka hadi tano, gari hilo lingekula bajeti ya fundi kabla halijafika nyumbani kwangu. Mafuta nayo sikutaka kuyahesabu, nimeyahesabu usiku. Petroli yetu inasafirishwa kutoka bandari za mbali, na bei ya EWURA, wapangaji wa bei za mafuta, ya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi haijawahi kuihurumia Kigoma. Nimeifuta kwenye orodha. Niliifuta kwa penseli, lakini nimeifuta.

26 Januari

Corolla 110, Ujiji. Rangi ya fedha inayong'aa kuliko gari la umri wake linavyostahili kung'aa. Nilikuwa na sumaku ndogo ya maabara niliyoifunga kwa kitambaa isikwangue rangi. Bonetini inanata. Mlango wa dereva inanata. Upande wa kushoto nyuma, juu ya tairi, inateleza na kuanguka kama imegusa mbao. Puti tupu, unene wa kidole. Nikapima kwa hatua: kuanzia mlango wa nyuma hadi bampa hakuna bati la kuaminika.

Hilo lingesameheka kwa punguzo. Ambalo halikusameheka ni kadi. Namba ya chesisi ilikuwa sawa, ila namba ya injini kwenye kadi na ile iliyopigwa kwenye injini hazifanani hata tarakimu tatu. Muuzaji akasema, "Tulibadilisha injini tukaweka nzuri zaidi." Huenda kweli. Basi angeenda kuisajili hiyo nzuri zaidi kabla ya kuleta mteja. Kazi ya kwenda TRA, kwa watu wa mapato, kueleza injini ya mtu mwingine ilitoka wapi siitaki hata kwa zawadi.

Sumaku imeingia rasmi kwenye pochi, inakaa pamoja na funguo.

2 Februari

Mvua wiki nzima. Vitz ya manyuo ilitangazwa Kasulu. Nilipopiga simu walisema ipo, nilipofika stendi ya Kasulu walisema imeuzwa jana. Nauli ya bure, ila mjomba alinipa ndizi mkungu mzima.

6 Februari

Mwalimu mwenzangu anahama, anauza IST yake kwa milioni tisa na nusu. Safi, naijua, nimeipanda. Benki wangenipa hiyo mbili na nusu kwa makato ya mshahara, fomu ni kurasa nne tu. Nimekaa na hizo fomu jioni nzima. Kisha nikajiuliza: nikiwa na makato ya miaka miwili na gari lisilobaki na hata elfu hamsini ya oili, je, nitalifurahia au nitalilinda? Fomu zimekuwa karatasi ya kufungia maandazi.

15 Februari

Leo nimeona kitu.

Mama mmoja wa Gungu anayefanya biashara ya mawese anauza Starlet, EP91, milango mitano, manyuo, rangi ya bluu iliyopauka paani. Anahamia kwenye Townace ya mizigo. Nimefika saa moja asubuhi makusudi, bila kumwambia muda, ili injini niikute imelala baridi. Nikamsalimia "Mwakeye", akafurahi, akaniita mwanangu, akanipa kigoda. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini: baridi kama jiwe. Vizuri. Muuzaji anayeipasha gari moto kabla hujafika huwa ana sababu.

Ikawaka kwa mara ya kwanza. Ikatoa moshi mweupe kidogo wa asubuhi ukapotea ndani ya dakika. Sikuona wa bluu. Chini ya kifuniko cha oili hakuna ule uji wa rangi ya maziwa unaosema maji yameingia kwenye oili. Ndani ya rejeta maji masafi, hayana utandu wa mafuta.

Kisha nikafungua mlango wa nyuma na harufu ikanipokea. Mawese. Si harufu ya kupita, ni harufu iliyohamia na kupata makazi. Mama hakuona haya: "Madumu, mwanangu. Miaka minne nabeba madumu. Mengine yalimwagika." Nikainua kapeti nyuma ya kiti cha dereva. Kwa kuwa kulikuwa na baridi, mafuta yalikuwa yameganda: utando wa rangi ya chungwa, mzito kama siagi, umeshika kapeti na bati pamoja. Nilipovuta, kapeti lilitoka kwa sauti ya mtu anayevua buti kwenye tope.

Nikasema moyoni, basi, kwaheri. Nikaenda nyuma kutafuta kutu kwenye shimo la tairi la akiba, mahali ambapo gari za hapa zilizobeba samaki huanza kuoza, maana maji ya barafu na migebuka hukaa humo miezi. Hakukuwa na gamba hata moja la samaki. Kulikuwa na mawese. Nikachukua bisibisi, nikakwangua utando wa chungwa nione bati chini. Rangi ya kiwanda. Inang'aa.

Anataka 5,500,000.

17 Februari

Nimempeleka fundi wangu wa gereji, ambaye kwa kawaida husema "mmh" tu na kulipwa. Alilala chini ya Starlet dakika ishirini. Akatoka na kidole kina mafuta, akakinusa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mwalimu, hii sakafu nzima. Mafuta yamekula kapeti yakaacha bati."

Tena akanionyesha upande wa pili wa habari. Mafuta hayohayo yamelainisha mipira: kofia ya pedali ya klachi imevimba na kuteleza, na mpira unaoziba tundu la nyaya chini ya kiti umekuwa laini kama chapati. Vyote vya kubadilisha, vyote bei ndogo.

Akapima kompresheni, silinda moja baada ya nyingine, mimi nikiandika mkononi kwa kalamu: 170, 168, 172, 165. Ninachotafuta si namba kubwa tu, ni namba zinazokaribiana. Silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake, hapo kuna ringi au valvu inayovuja. Hizi zimekaa kama ndugu.

Mabaya: shokapu mbili za nyuma zimekufa, ukibonyeza gari linanesa mara tatu. Bojointi, kiungo cha gurudumu, ya mbele kulia inacheza. Taiming belti, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, mama anasema ilibadilishwa "juzijuzi". Fundi akafungua kava la juu, akaikunja kidogo kwa kidole, nyufa zikaonekana zimejipanga kama mistari ya daftari. Juzijuzi ya mwaka gani. Gia ya pili inakwaruza injini ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza. Odometa inasoma 187,000 na sijaijali. Nimeangalia usukani ulivyolainika na kiti cha dereva kilivyolala upande mmoja, nikaelewa gari limefanya kazi.

Klachi nimeipima mwenyewe. Breki ya mkono juu, gia ya nne, unaachia klachi polepole huku unaongeza mafuta kidogo. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma tu, unanunua klachi. Ilizimika kwa mtikisiko wa hasira.

18 Februari

Safari ya majaribio, mtoto wa mama kakaa pembeni. Nilimwomba twende njia ya Manyovu. Wanaoijua hawahitaji maelezo: ukiacha Mwandiga lami inaanza kupanda, kona juu ya kona, migomba kushoto, bonde kulia, hadi Kalinzi kwenye kahawa ambako unafunga kioo kwa baridi ilhali asubuhi uliacha ziwa likiwaka jua.

Gia ya tatu. Nitakachokumbuka ni gia ya tatu. Kona inakuja, unatoa mguu, unashuka kutoka ya nne, klachi inapanda, na 4E inaanza kuimba ile sauti yake nyembamba ya cherehani, na gari jepesi linageuka kabla hujamaliza kulifikiria. Hatukuwa na kasi ya kutisha. Lori la mkaa lilitupita tuliposimama kununua parachichi. Lakini mwendo wa sitini ndani ya gari hilo una kazi ya mikono miwili na miguu miwili, na nilicheka peke yangu hadi yule kijana akauliza, "Mwalimu, kuna tatizo?"

Tatizo lilikuwepo: nyuma inarukaruka kwenye matuta, na usukani unavuta kulia ukifunga breki. Shokapu na bojointi, kama alivyosema fundi. Sindano ya joto haikupita nusu hata mlimani. (Mstari huo wa mwisho nitaujutia, tazama tarehe 29 Machi.)

20 Februari

Nimekaa na mama saa mbili. Sikulitukana gari, maana ni lake na limemlisha. Nilimwekea orodha ya fundi mezani na bei ya kila kitu, nikamwachia asome. Akasoma. Akasema 5,200,000. Nikasema 4,500,000. Akaagiza chai. Baada ya chai tukawa 4,800,000 na dumu la lita tano la mawese juu.

Sasa kadi. Jina lililomo si lake. Si hata la aliyemuuzia. Ni la bwana mmoja wa Tabora, aliyeuza kwa mtu, ambaye akamuuzia mama, na hakuna aliyehamisha. Hili ni gonjwa la gari za mkononi: watu wanauziana kwa karatasi ya daftari na kupeana funguo. Mama ameliendesha miaka minne kwa jina la mtu ambaye hajawahi kumwona.

Nimeweka msimamo: natoa 500,000 ya kushikia mbele ya wakili, gari linabaki kwake, salio nalipa siku mwenye jina kwenye kadi atakaposaini mkataba wa mauziano na mimi. Mama kanuna kidogo. Kisha kachukua simu.

Nimeingiza pia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini mtandaoni: mbili zimelala humo, 60,000. Mama amezilipa mwenyewe, akilalamika kuhusu mwanawe.

8 Machi

Bwana wa Tabora amepatikana. Mzee mstaafu, muungwana, alidhani gari lilishakufa. Aliniuliza kwenye simu kama taa ndogo ya ndani bado inafanya kazi, kwa sababu yeye aliibadilisha. Inafanya kazi. Amesaini kwa wakili wa hukohuko, akaambatisha nakala ya kitambulisho na TIN, bahasha imekuja kwa basi. Wiki mbili nzima kwa saini moja.

13 Machi

Uhamisho umekubaliwa TRA. Nimekata bima ndogo, 118,000. Bima kubwa kwa gari la milioni nne na kitu sioni mantiki yake. Nitajilinda kwa kutokimbia. Salio limelipwa. Nimeendesha kutoka Gungu hadi Mwanga kwa gia ya kwanza na ya pili kwa sababu ya woga, kama vile sijawahi kuliendesha.

Nikafika nyumbani. Nikakaa ndani. Mume wangu akachungulia dirishani: "Mbona hushuki?"

20 Machi

Gereji siku tatu. Nakala za risiti:

Taiming belti, tensheni na wota pampu kwa pamoja, 185,000. Pampu ilikuwa haivuji, lakini ukishafungua huko ndani kwa ajili ya belti, kuiacha pampu ya zamani ni kulipa fundi mara mbili.
Oili, filta, plagi nne: 110,000
Shokapu mbili za nyuma, za mtumba kutoka Japani: 140,000
Bojointi mbili na tai rodi: 90,000
Tairi mbili mpya za rimu 13, zimekaa mbele: 180,000
Mipira ya pedali na vizibo: fundi kanipa bure, kwa ajili ya kicheko
Kuosha kapeti: 20,000
Ufundi: 150,000

Jumla 875,000. Kwenye ile 1,200,000 imebaki 325,000, na shemeji sasa ananyamaza ninapolitaja fungu hilo.

Kapeti limeoshwa kwa maji moto na sabuni ya unga mara tatu, likaanikwa siku mbili juani. Sakafu nimeifuta utando mzito tu. Ile filamu nyembamba iliyoshika bati nimemwambia fundi asiiguse.

Shokapu zimebadilisha gari. Nyuma imetulia, kona za kushuka bandarini sasa nazipita bila kushika roho.

29 Machi

Nilisema nitajuta. Ijumaa jioni, foleni ya sokoni Mwanga, lori limekwama, joto la kabla ya mvua, na sindano ikaanza kupanda: nusu, robo tatu, ikaelekea kwenye nyekundu. Barabara ya Kalinzi hainifundishi lolote kuhusu feni, maana ukitembea upepo unapoza rejeta wenyewe. Feni inadaiwa kazi ukiwa umesimama.

Nikafungua vioo vyote na kuwasha hita hadi mwisho, feni ya ndani kasi ya juu. Inaonekana wazimu, kuwasha hita Kigoma mwezi Machi, ila hita ni rejeta ndogo ya pili: inachota joto la injini na kukumwagia wewe. Nililowa jasho na sindano ikashuka kidogo, ikanipa muda wa kutoka kwenye foleni na kuegesha. Sikufungua kifuniko cha rejeta. Mwanafunzi wangu mmoja anayeuza karanga alisimama akanitazama nikitoka jasho ndani ya gari lenye hita, na najua Jumatatu darasa zima litakuwa na habari.

Mota ya feni ilikuwa imeungua. Ya mtumba 60,000 pamoja na kuifunga. Zimebaki 265,000. Niliwahi kumwambia fundi "kagua kila kitu", na sote wawili tulisahau kuliacha gari linaunguruma limesimama dakika ishirini. Hilo ni kosa langu. Ningelifanya pale Gungu, mama angelipia.

12 Aprili

Mwezi wa kwanza. Nimejaza tanki, nikatembea kilomita 214 za shule, sokoni, na Kalinzi mara moja (bila shughuli yoyote Kalinzi), nikajaza tena: lita 16.4. Kilomita kumi na tatu kwa lita, na milima hii. Naridhika.

Gia ya pili bado inakwaruza asubuhi. Nimejifunza kuisubiri: ya kwanza, nahesabu moja, ya pili. Fundi anasema tubadilishe oili ya giaboksi kwanza kabla ya kufikiria kuifungua.

Harufu haijaondoka. Asubuhi haipo, saa saba mchana, gari likiwa limeegeshwa juani, inaamka. Jana nilimchukua mama mkwe kutoka Ujiji. Aliketi, akafunga mkanda, akanusa, akageuka kutazama kiti cha nyuma, akanusa tena.

"Mmebeba maharage?"

Wiki ijayo: oili ya giaboksi, na kitasa cha mlango wa nyuma kushoto ambacho kinafunguka kwa nje tu.